Unataka kupiga shoo peke yako kama bendi? Mambo ya kujua kabla ya kununua mashine ya lupu

Juni 25, 2017, Ed Sheeran alipanda jukwaa kuu la tamasha la Glastonbury, Uingereza, akiwa peke yake na gitaa. Hakukuwa na mpiga ngoma, mpiga besi wala waitikiaji. Lakini sauti hizo zote zilisikika kwenye spika.

Baadhi ya waliomtazama kwenye runinga wakaanza kulalamika mitandaoni: huyu anaimbia juu ya muziki uliorekodiwa zamani. Kwa lugha ya mtaani, kapiga pleibeki. Sheeran akalazimika kueleza kupitia Twitter kwamba kila kitu kilipigwa pale pale, na kwamba kilichowachanganya watu ni mashine ya lupu.

Leo mashine za aina hiyo zimejaa sokoni. Zipo za ukubwa wa kiganja zenye swichi moja, na zipo kubwa zenye swichi tisa. Msanii anayepiga hotelini, kwenye harusi au kanisani anaweza kuinunua, akapiga peke yake na malipo yakabaki yote mfukoni kwake.

Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa kuangalia sifa zilizoandikwa kwenye boksi: saa ngapi za kurekodi, midundo mingapi, nafasi ngapi za kuhifadhi. Wakifika jukwaani wanagundua kuwa kilichowashinda ni kitu kingine kabisa, yaani namna ya kuimaliza nyimbo.

Haya ndiyo ya kuangalia kabla hela haijatoka.

Inafanyaje kazi?

Lupu ni kipande kifupi cha sauti kinachojirudia chenyewe. Mashine inarekodi kile anachopiga msanii, kisha inakirudia bila kusimama mpaka aizime.

Hatua ni tatu. Anabonyeza swichi mara ya kwanza, mashine inaanza kurekodi. Anabonyeza mara ya pili, kurekodi kunaisha na kipande kinaanza kujirudia. Akibonyeza tena, anaongeza sauti nyingine juu ya ile ya kwanza. Hilo ndilo linaloitwa tabaka.

Tabaka la kwanza linaweza kuwa kugonga mwili wa gitaa kama ngoma. La pili besi. La tatu kodi za gitaa. La nne sauti ya kuitikia. Baada ya hapo msanii anaimba juu ya "bendi" aliyoitengeneza mwenyewe ndani ya dakika moja.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1973 Robert Fripp na Brian Eno walitoa albamu iliyotegemea mashine mbili za kanda zilizounganishwa ili sauti ya gitaa izunguke na kurudi. Mwaka 2004 Mskochi KT Tunstall alipewa nafasi ya ghafla kwenye kipindi cha Jools Holland cha runinga ya BBC, akapiga peke yake kwa gitaa na pedali ya Akai Headrush. Onyesho hilo ndilo lililomtambulisha kwa watu wengi.

Hatari yake: kosa nalo linajirudia

Mpiga gitaa wa bendi akikosea noti moja, imepita. Wenzake wanamfunika, na wengi ukumbini hawatajua.

Kwenye lupu kosa halipiti. Linarudi baada ya sekunde chache, kisha tena, na tena. Wimbo wa dakika nne unaweza kulirudia zaidi ya mara 20, huku watu wakisikia.

Kwa hiyo kazi ya mashine nzuri haiishii kwenye kurekodi. Inatakiwa imruhusu msanii kufuta kosa, kubadilisha sehemu ya wimbo na kusimama kwa wakati, bila kuinama na bila kuacha kupiga. Vigezo vyote vinavyofuata vinatokana na hapo.

1. Mikono au miguu?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu linaondoa nusu ya vifaa vilivyoko dukani.

Mpiga gitaa, besi au zeze mikono yake yote imeshikwa. Anahitaji mashine ya kukanyaga, yaani pedali inayokaa chini.

Anayetumia sauti pekee, mpiga bitiboksi au mpiga kinanda ana mkono wa kuazima. Huyo anaweza kutumia mashine ya mezani kama Boss RC-505mkII, yenye njia tano za kurekodia. Kila njia ina kidhibiti chake cha kupandisha na kushusha sauti. Mmarekani Marc Rebillet, anayejulikana kwa kutunga nyimbo papo hapo mbele ya watu, amejijengea jina kwa kinanda na mashine ya familia hiyo ya RC-505.

Mpiga gitaa akinunua ya mezani kwa sababu ameiona kwenye video ya YouTube, atajikuta anaachia nyuzi kila anapotaka kubonyeza. Mapigo yanakatika, na kilichorekodiwa kinakuwa na shimo.

Na kwa ya kukanyaga, nafasi kati ya swichi na swichi ni muhimu kuliko idadi yake. Kiatu kipana kwenye swichi zilizobanana kinagusa mbili kwa mpigo. Anayekwenda kujaribu dukani avae viatu vile vile anavyopandia jukwaani.

2. Wimbo una sehemu ngapi?

Pedali za bei ya chini kama TC Electronic Ditto na Boss RC-1 zina njia moja. Msanii anaweza kurundika matabaka mengi, lakini yote yanakuwa kitu kimoja. Akizima, yamezimika yote.

Hiyo inatosha kwa nyimbo ambazo kodi ni zile zile mwanzo mpaka mwisho. Na nyimbo za namna hiyo ni nyingi, za dansi na za injili pia.

Shida inaanza pale ubeti una kodi zake na kiitikio kina zake. Kwa njia moja haiwezekani kuruka kutoka ubeti kwenda kiitikio kisha kurudi. Hapo zinahitajika njia mbili, moja ya ubeti na nyingine ya kiitikio. Boss RC-500 ni mfano wa pedali ya njia mbili. RC-600 inazo sita.

Lakini kuna kitu cha kuhakikisha: je, njia hizo zinapokezana au zinalia pamoja? Kupokezana ni ubeti kusimama pale kiitikio kinapoanza. Kulia pamoja ni ngoma kuwa njia ya kwanza na gitaa njia ya pili, ili gitaa liweze kuzimwa huku ngoma ikiendelea. Mashine bora zinaruhusu yote mawili. Nyingine zinafanya moja tu, na muuzaji asipoulizwa hatasema.

Njia rahisi ya kujua mahitaji ni kuchukua karatasi na kuandika nyimbo 10 ambazo msanii hupiga mara nyingi. Pembeni ya kila wimbo aandike mizunguko tofauti ya kodi iliyomo. Kama nane kati ya 10 zina mzunguko mmoja, pedali ya njia moja itamfaa. Kama nyingi zina miwili, bora ahifadhi hela kidogo kidogo anunue ya njia mbili.

3. Utausimamishaje wimbo?

Swali hili halipo kwenye boksi, lakini ndilo linaloumbua watu wengi.

Kwenye pedali ya swichi moja, swichi hiyo hiyo inarekodi, inacheza, inaongeza tabaka na inasimamisha. Ili kusimamisha kwenye RC-1 au Ditto ya kawaida, mpigaji anagonga mara mbili haraka. Muziki unasimama kwenye mguso wa pili, si wa kwanza.

Maana yake, anayegonga mara ya kwanza pale anapotaka wimbo uishe amechelewa tayari. Wimbo unaisha kwa kujikwaa, na waliokuwa tayari kupiga makofi wanasita.

Wapo wanaolizoea hilo. Mbinu ni kuuweka mguso wa pili ndiyo uangukie kwenye pigo la mwisho, na ule wa kwanza utangulie kidogo. Inahitaji mazoezi ya siku kadhaa.

Njia nyingine ni kuongeza swichi ya pembeni. RC-1 ina tundu la kuchomeka swichi ya nje inayosimamisha kwa mguso mmoja au kufuta tabaka la mwisho. Kabla ya kuikataa pedali ndogo, inafaa kuangalia nyuma yake kama tundu hilo lipo.

Mashine kubwa zina chaguo la tatu: lupu inafifia taratibu, au inamaliza mzunguko wake kwanza ndipo isimame. Kwa nyimbo za taratibu, kufifia kunaokoa sana.

Kufuta tabaka la mwisho nako kujaribiwe hapo hapo. Mtu arekodi tabaka mbili, akosee makusudi kwenye ya tatu, kisha aifute huku nyingine zikiendelea kulia. Ikimlazimu kusoma mwongozo ili aweze, jukwaani hataweza.

4. Kipi kinaingia: gitaa, sauti au vyote?

Pedali nyingi ndogo zina tundu la waya wa gitaa tu. Maiki ya kawaida ya jukwaani ina waya wa pini tatu, XLR, na sauti inayotoka humo ni dogo mno kwa pedali ya gitaa. Hata ikilazimishwa kwa kiunganishi cha bei rahisi, itatoka hafifu na yenye mikwaruzo.

Anayetaka kurekodi sauti ya mdomo anahitaji mashine yenye tundu la XLR, kama RC-500 au RC-505mkII. RC-600 inazo mbili, hivyo inaweza kubeba hata waimbaji wawili.

Asiye na uwezo huo ana njia nyingine: miksa ndogo. Maiki na gitaa vinaingia kwenye miksa, kisha vinapelekwa kwenye pedali kupitia tundu la kutolea sauti la pembeni. Kinachotoka kwenye pedali kinarudi miksa kwenye chaneli nyingine. Hapo msanii anachagua kipi kirekodiwe na kipi kisirekodiwe.

Tahadhari ni moja. Kwenye ile chaneli ya kurudi, kitufe cha kupeleka sauti kwenye pedali kiwe sifuri. Kikipandishwa, sauti inazunguka kati ya miksa na pedali na spika zinapiga yowe ambalo ukumbi mzima utalikumbuka.

Maiki yenyewe nayo ina shida yake. Inapokuwa wazi wakati wa kurekodi, inachukua pia sauti inayotoka kwenye spika. Baada ya tabaka nne, lupu inasikika kama imepigwa ndani ya pipa. Dawa ni spika kuwa mbele ya maiki, mdomo kuwa karibu na maiki, na maiki kufungwa pale isipohitajika.

Kwa wenye galatoni, yaani gitaa lisilo la umeme, pikapu nzuri ni lazima. Nyingine zinachukua nyuzi tu, ukigonga mwili wa gitaa hazisikii kitu. Anayetegemea kugonga ili apate "ngoma" ajaribu kwanza na gitaa lake mwenyewe, si la dukani.

Saa 13 za kurekodi: unazihitaji kweli?

Boss RC-5 inatangazwa kuwa na uwezo wa kurekodi takriban saa 13. Ditto ya kawaida ni dakika tano. Kwa haraka haraka, tofauti inaonekana ni kubwa mno.

Lakini piga hesabu. Wimbo wenye kasi ya mapigo 100 kwa dakika, kila pigo linachukua sekunde 0.6. Mzunguko wa mapigo 16, ambao ni wa kawaida kwenye nyimbo nyingi, unachukua sekunde 9.6. Ndani ya dakika tano mizunguko ya namna hiyo inaingia zaidi ya 30.

Kwa hiyo hata dakika tano ni nyingi kwa lupu inayotengenezwa jukwaani. Saa nyingi zina maana kwa anayetaka kuhifadhi vipande nyumbani na kuvitumia kwenye shoo. RC-5 ina nafasi 99 za kuhifadhia kwa ajili hiyo.

Hapo lakini kuna swali la uaminifu kwa hadhira. Ukiwasha kipande kilichorekodiwa nyumbani, hicho ni pleibeki, hata kama ulikipiga wewe. Si dhambi, wasanii wengi hufanya hivyo. Ila anayejinadi kuwa kila kitu ni laivu ajue mstari uko wapi.

Mapigo: sehemu ndogo ya sekunde inavyoharibu wimbo

Kufunga lupu kunataka usahihi. Tuseme ule mzunguko wa sekunde 9.6 mguu umechelewa kwa sekunde 0.1 tu. Lupu inakuwa na sekunde 9.7.

Akiwa peke yake, msanii atasikia kama mdundo unachechemea kila unaporudi mwanzo. Akiwa na mashine ya ngoma inayojitegemea pembeni, mambo ni mabaya zaidi. Raundi ya tatu wameachana kwa nusu pigo, raundi ya sita kwa pigo zima. Huo si wimbo tena.

Mashine nyingi za kati na kubwa zina kazi ya kunyoosha. Mguu ukichelewa kidogo, mashine inaufunga mzunguko kwenye pigo sahihi. Inafanya kazi pale tu msanii anapofuata mdundo wa ndani ya mashine yenyewe, au mashine mbili zinapounganishwa kwa waya wa MIDI ili zitembee pamoja.

Kwa wanaopiga midundo ya pwani, kuna la ziada. Chakacha na midundo mingine ya jamii ya sita kwa nane haihesabiwi nne nne. Mashine ikiachwa kwenye hesabu ya nne kama ilivyotoka kiwandani, itanyoosha mahali pasipo na pigo. Kabla ya kununua, msanii aangalie kama hesabu inabadilishwa, na aibadilishe kabla ya kurekodi tabaka la kwanza.

Umeme: hapa ndipo vifaa vinapoungua

Pedali nyingi za gitaa hutumia volti 9. Lakini volti peke yake haitoshi, kuna mambo matatu ya kusoma kwenye adapta.

La kwanza ni umeme wa ukutani. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya volti 240. Japani ni 100, Marekani ni 120. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuja na adapta ya huko. Adapta za Boss zina namba inayojieleza: PSA-120S ni ya volti 120, PSA-230S ni ya 230. Kuchomeka ya 120 kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi ni kuiunguza. Iliyoandikwa 100-240V haina shida, inahitaji kibadili plagi tu.

La pili ni nguvu, inayoandikwa mA. Pedali ikihitaji mA 170, adapta ya mA 100 haiitoshi: inaweza kujizima katikati ya wimbo. Adapta yenye mA nyingi kuliko zinazohitajika haina madhara, kwa sababu pedali huchukua kiasi chake tu.

La tatu ni upande wa hasi na chanya. Pedali nyingi za gitaa huwa na hasi katikati ya plagi, wakati adapta nyingi za vifaa vya nyumbani zina chanya katikati. Kuna kialama kidogo kimechorwa kwenye adapta na kwenye pedali, na vyote viwili vinatakiwa kufanana.

Na kwa kumbi zenye jenereta au umeme wa kukatika, ni busara kuwa na wimbo mmoja au miwili isiyohitaji lupu. Umeme ukirudi, msanii anaendelea kuimba huku mashine ikiwaka upya.

Je, simu haitoshi?

Ni swali la haki, maana simu kila mtu anayo.

Kwa iPhone na iPad kuna programu zinazoheshimika, mfano Loopy HD na mdogo wake Loopy Pro. Kwa simu za Android matokeo hutofautiana sana kutoka simu moja hadi nyingine, kwa sababu ya sauti kuchelewa kati ya kuingia na kutoka.

Kuchelewa huko ndiko adui. Spika au hedifoni za Bluetooth zinaweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwenye kasi ya mapigo 100, hiyo ni sehemu ya sita ya pigo. Kwa kusikiliza muziki haisumbui, kwa kurundika matabaka haifai kabisa. Waya ni lazima.

Anayetaka kupanda nayo jukwaani atahitaji pia kifaa cha USB cha kuingizia gitaa na maiki, na pedali ya kubonyezea kwa mguu. Akijumlisha gharama, mara nyingi amefika bei ya pedali ya kawaida. Na simu iwekwe kwenye hali ya ndege, la sivyo shemeji atapiga katikati ya kiitikio.

Ila kwa kujifunza nyumbani, simu inafaa. Mtu akikaa wiki mbili na programu ya lupu atajua kama mtindo huu unamfaa, kabla hajatumia hela nyingi.

Bei na mitumba

Kwa bei za nje, pedali mpya ya swichi moja kutoka kampuni inayojulikana huwa kwenye dola 100 na ushee. Mashine kubwa kama RC-600 na RC-505mkII zinapita dola 500. Juu ya hapo kuna usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, ndiyo maana bei ya Kariakoo au ya River Road huwa juu kuliko ya mtandaoni.

Bajeti isiishie kwenye mashine. Kuna adapta sahihi, waya mbili za akiba, na swichi ya nje kwa wanaoihitaji. Kuna pia spika. Besi ya kwenye lupu ikipitia amplifaya ndogo ya gitaa itakoroma tu. Spika ya matangazo au ya ukumbi inabeba matabaka yote vizuri zaidi.

Kwa anayenunua mitumba, dakika 10 za majaribio zinatosha kuonyesha mengi:

- Bonyeza kila swichi mara 20. Inayokosa hata mara moja itakosa jukwaani.

- Rekodi tabaka moja la ukimya, kisha ongeza mengine matano bila kupiga kitu. Kama kuna mvumo, utausikia unakua.

- Rekodi noti moja ndefu inayovuka mwisho wa lupu. Sikiliza pale mwisho unapokutana na mwanzo, pasiwe na mlio wa "tik".

- Tikisa taratibu waya kwenye kila tundu. Sauti ikikatika, tundu limelegea.

- Zima, washa, angalia kama kilichohifadhiwa bado kipo.

Muuzaji asiyekubali majaribio hayo amejibu swali bila kusema.

Nani anunue ipi?

Mpiga gitaa anayeanza, asiyerekodi sauti ya mdomo, na ambaye nyimbo zake nyingi zina mzunguko mmoja: pedali ya njia moja, na swichi ya nje ya kusimamisha kama pedali ina tundu lake.

Mwimbaji anayepiga gitaa na anataka kujiitikia mwenyewe: pedali ya njia mbili yenye tundu la XLR.

Bitiboksi, mwimbaji asiyeshika chombo, au mpiga kinanda: ya mezani yenye njia nyingi.

Anayefanya shoo nyingi za kulipwa, mwenye nyimbo zenye sehemu tatu na zaidi: ya kukanyaga yenye njia nyingi. Lakini ajipe miezi kadhaa ya mazoezi kabla ya kuipeleka mbele ya watu. Swichi tisa kwa mguu usiozoea ni nafasi tisa za kukosea.

Jukwaani watu hawasubiri

La mwisho halihusu mashine. Msanii akitumia dakika mbili kujenga matabaka kabla ya kuimba neno la kwanza, wateja wa hoteli wameshageukia sahani zao. Mara ya kwanza inafurahisha kumwona mtu akitengeneza bendi. Wimbo wa tano kwa mtindo ule ule, umekuwa kero.

Wenye uzoefu huimba tangu mwanzo, na kurekodi kodi wakati wa ubeti wa kwanza huku wakiendelea kuimba. Hadhira haioni ujenzi wowote. Inashtukia tu kwamba muziki umenenepa.

Wengine huweka lupu kwenye nyimbo tatu au nne tu za usiku mzima, na nyingine wanapiga kavu. Kwa mtindo huo hata pedali ya swichi moja inaweza kumaliza kazi ya usiku, na mteja akaondoka akimuuliza fundi mitambo wale wenzake na yule jamaa walikuwa wamejificha wapi.